Mita za Kupanda Kwanza, Kilomita Baadaye

Mlima ulio jirani na mji huzoeleka upesi. Unauona kila asubuhi ukifungua dirisha, basi la mjini linakufikisha mwanzo wa njia, na simu inashika mtandao hadi mbali. Mazoea hayo ndiyo yanayomfanya mtu ambaye angejiandaa mwezi mzima kwa mlima wa mbali atoke nyumbani saa nane mchana, na raba za kwendea dukani na kichupa kimoja cha maji, kuupanda ule wa jirani. Genge la mita hamsini ni lilelile, liwe dakika ishirini kutoka kituo cha basi au mwendo wa siku mbili porini.

Hata hivyo, mlima ambao mtu anaweza kuupanda mchana na usiku akalala kitandani kwake ni neema kubwa. Unamruhusu ajifunze kidogo kidogo, wiki hadi wiki, jambo ambalo safari ya mara moja kwa mwaka haiwezi kulitoa. Karibu kila mji wa milimani una njia ya mtoto, ya mzee, ya anayeanza na ya aliyekomaa, na mara nyingi zote zinaanzia mahali pamoja. Kazi iko katika kujua ipi ni ya nani, na kibao cha mwanzo wa njia hakikuambii yote.

Namba ya kwanza kuuliza

Watu huuliza njia ina kilomita ngapi. Ulizeni kwanza inapanda mita ngapi.

Chukua Grouse Grind, njia iliyo juu ya Vancouver nchini Kanada. Urefu wake ni kama kilomita 2.5, umbali ambao mtu mzima mwenye afya huutembea barabarani kwa nusu saa. Lakini ndani ya kilomita hizo kuna takriban mita 800 za kupanda, yaani kila ukisogea mita 3 umepanda karibu mita 1. Manitou Incline, karibu na Colorado Springs nchini Marekani, ni fupi zaidi: haizidi kilomita moja na nusu hivi, ila inapanda takriban mita 600 kwa vidato zaidi ya 2,700. Anayesoma kilomita peke yake atadhani zote mbili ni matembezi ya kabla ya chai.

Kuna kanuni ya zamani ambayo bado haijapata mpinzani kwa wepesi wake. Mskoti William Naismith aliiandika mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ya pili ni sawa na dakika 10 kwa kila mita 100. Hebu tuilinganishe kwenye njia mbili. Ya kwanza ina kilomita 10 na mita 200 za kupanda: saa mbili za umbali, dakika 20 za mwinuko, jumla saa 2 na dakika 20. Ya pili ina kilomita 6 tu kwenda na kurudi, lakini inapanda mita 900: dakika 72 za umbali na dakika 90 za mwinuko, jumla saa 2 na dakika 42. Iliyo fupi ndiyo ndefu.

Na bado hatujashuka. Naismith hakuweka chochote kwa ajili ya kushuka, na hapo ndipo hesabu za wengi huvunjikia. Marekebisho ya Eric Langmuir, naye wa milima ya Uskoti, yanasema hivi: pale mteremko unapozidi nyuzi 12, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 unazoshuka, pale unapokuwa wa taratibu, kati ya nyuzi 5 na 12, punguza dakika 10 kwa kila mita 300. Njia yetu ya pili inashuka mita 900 ndani ya kilomita 3, mteremko wa karibu nyuzi 17. Ongeza dakika 30. Sasa tumefika saa 3 na dakika 12, na hapo hakuna aliyekaa kula, kufunga kamba ya kiatu wala kumsubiri mwenzake.

Kanuni hii inamhesabia mtu mkakamavu asiyepumzika. Kwa anayeanza, mimi huizidisha mara moja na nusu, na kwa kundi lenye mtoto au mtu aliyetoka kuugua ningeizidisha mara mbili. Saa 3 na dakika 12 zinakuwa karibu saa 4 na dakika 50, ongeza nusu saa ya kilele, hiyo ni siku nzuri ya kazi. Mtu asione haya kwa hesabu hiyo. Anayeona haya ni yule anayerudi usiku kwa mwanga wa simu.

Jambo moja huwapotosha hata wazoefu: mita za kupanda si tofauti kati ya mwanzo na kilele. Njia inayoanzia mita 1,200 na kufika kilele cha mita 1,700 inaonekana kupanda mita 500. Ikiwa katikati inashuka mita 150 kuvuka bonde, umepanda 650, na wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, mlima unakudai mita 150 nyingine. Tafuta jumla ya kupanda, au ihesabu mwenyewe kwenye ramani.

Kuihesabu si kugumu. Ramani ina mistari ya kontua, kila mmoja ukiunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Kwenye ramani nyingi za kutembelea tofauti kati ya mstari na mstari ni mita 10 au 20, na kila wa tano umekolezwa. Angalia pembeni mwa ramani ujue ni ngapi, kisha hesabu mistari minene ambayo njia yako inaikata ikipanda, kila mmoja ni sawa na tofauti hiyo mara tano. Mistari iliyosongamana ni ukali wa mteremko, na pale inapokaribia kugusana kuna genge. Ikijikunja mfano wa herufi V yenye ncha inayoelekea juu ya mlima, hilo ni korongo au kijito. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo wa mlima. Mtu akijua hayo tu, ramani inaanza kuwa na milima ndani yake.

Ardhi, na kilicho pembeni

Baada ya mwinuko linakuja swali la unachokanyaga. Udongo mgumu uliokauka humbeba hata mwenye raba. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko jiwe, hasa ile iliyomenywa maganda na nyayo za watu, na ukiikanyaga kwa upande unaanguka kabla hujajua. Kokoto ndogo juu ya mwamba mgumu hufanya kazi ya gololi. Mawe makubwa yaliyorundikana hayatelezi sana, lakini yanakula muda: kilomita moja ya mawe hayo yaweza kuchukua saa nzima, na hakuna kanuni itakayokuambia hivyo. Ndiyo sababu maelezo ya aliyepita njia hiyo juzi yana thamani kuliko kitabu kizuri cha miaka kumi iliyopita.

Kisha angalia pembeni. Swali langu kwa kila sehemu nyembamba ni moja: nikijikwaa hapa, nitasimama wapi? Jibu likiwa "kwenye nyasi, mita mbili chini," endelea kuongea na mwenzako. Likiwa "sitasimama," basi hiyo ni njia ya watu wenye mguu thabiti, hata kama ni tambarare kama sakafu. Levada za Madeira, kisiwa cha Ureno, yaani mifereji ya maji inayozunguka milima iliyo juu ya mji wa Funchal, ndizo mfano bora. Maji hutiririka taratibu, kwa hiyo njia iliyo kando ya mfereji haina mwinuko wa kutaja, na wageni huzichukulia kuwa matembezi ya watoto. Baadhi yake zina ukuta wa mlima upande mmoja, bonde refu upande wa pili, upana wa mtu mmoja, na mahandaki yenye giza ambayo bila tochi huyapiti. Mapafu hayatachoka, ila anayeogopa vimo atakwama katikati na hawezi kugeuka.

Nchi nyingi zimejaribu kuyaweka haya yote kwenye daraja. Uswisi ina ngazi kutoka T1 hadi T6, zilizowekwa na klabu ya wapanda milima ya huko: T1 ni njia pana isiyo na hatari ya kuanguka, T2 na T3 zinataka mguu wenye uhakika, na kuanzia T4 mikono inaanza kufanya kazi. Marekani kuna mfumo ulioanzia Sierra Club, chama cha wapenda milima na mazingira, mwaka 1937, wenye madaraja 1 hadi 5. Daraja la 1 ni kutembea, la 2 unaweka mkono mara moja moja kujisawazisha, la 3 unapanda kwa mikono na kuanguka kunaumiza, la 4 wengi huhitaji kamba, la 5 ni kukwea miamba kwenyewe. Mifumo hii inapima ugumu wa hatua moja moja, haipimi uchovu. Njia ya daraja la 1 yenye mita 1,500 za kupanda bado ni ya daraja la 1.

Jihadhari na rangi. Austria alama ya buluu ni njia nyepesi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Vuka mpaka uingie Uswisi: hapo njano ni njia ya kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, na nyeupe-buluu-nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote, ile ya T4 kwenda juu. Mtu aliyejifunzia Austria akifuata buluu ya Uswisi akiwa na watoto ataingia pabaya. Popote uendapo, soma maana ya rangi za hapo hapo kabla ya kuziamini.

Nani aende wapi

Kwa anayeanza kabisa, ningetafuta njia isiyozidi kilomita 8, yenye chini ya mita 300 za kupanda, ardhi ngumu, na iwe ya kwenda na kurudi. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Njia ya mzunguko inavutia kwa kuwa hurudii mandhari, lakini ukishavuka nusu yake, kurudi na kuendelea ni sawa, na ubaya wowote ulio mbele huna budi kuupita. Ya kwenda na kurudi unaweza kuikatiza popote, na kila hatua ya kurudi umekwisha kuiona. Ukija kuchagua mzunguko baadaye, pandia upande mkali ushukie upande wa taratibu. Mwamba unaopandika kwa urahisi waweza kukukatalia kabisa unapotaka kuushuka, kwa sababu ukishuka huoni pa kuweka mguu.

Wenye viti vya magurudumu, vigari vya watoto au magoti mabovu wana njia zao pia, na mara nyingi ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tafuta reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za miguu. Treni haiwezi kupanda kilima kikali, hivyo mteremko wa reli mara chache hupita mita 3 kwa kila mita 100. Tafuta pia njia zinazofuata kimo kimoja kuzunguka mlima na barabara za zamani za misitu. Mteremko wa mita 5 kwa 100 unasukumika. Ukifika mita 8 kwa 100, anayesukuma atahitaji kupokezana. Piga simu au uliza kuhusu vizuizi: lango moja jembamba au vidato vitatu vya daraja la mti vinatosha kuharibu siku ambayo kila kitu kingine kilikuwa sawa.

Kutoka hapo, ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukizidisha mwinuko, usizidishe ugumu wa ardhi siku hiyohiyo. Mita 300 zikikuacha na nguvu mara mbili mfululizo, nenda 500, kisha 700, kisha 900. Kipimo changu cha kuwa tayari si namna ulivyofika kileleni. Ni namna ulivyoshuka ngazi za nyumbani asubuhi ya pili. Ukizishuka kinyumenyume ukishika ukuta, hukuwa tayari, rudia kimo kilekile.

Njia ngumu, zile za zaidi ya mita 1,000 au zenye sehemu za kukwea kwa mikono, hazimtaki mtu mwenye nguvu tu. Zinamtaka aliyekwisha kugeuka na kurudi angalau mara kadhaa bila kufika kileleni, maana huyo anajua kwamba inawezekana. India Venster, juu ya Cape Town nchini Afrika Kusini, inaanzia karibu na kituo cha chini cha gari la waya, na wageni huifuata wakidhani ni njia nyingine tu ya kwenda juu ya Table Mountain. Ina sehemu za kukwea mwamba kwa mikono, nyingine zikiwa na minyororo na vyuma vya kushikia. Platteklip Gorge, kwenye mlima huohuo, ni ngazi za mawe kutoka chini hadi juu: inachosha sana, ila miguu peke yake inatosha. Njia mbili, mlima mmoja, kilele kimoja, na watu wawili tofauti kabisa wanaozifaa.

Mwendo wenyewe

Waongozaji wa Kilimanjaro hurudia neno "pole pole" mpaka mgeni analikariri, nao wana haki. Dakika 20 za mwanzo ndizo zinazoharibu siku. Mwili bado haujapata joto, njia bado ni ya taratibu, kila mtu anaongea, na mwendo unakuwa wa barabarani. Mteremko ukianza kukaza, pumzi inakatika na haipatikani tena. Mwendo sahihi wa kupanda ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Fupisha hatua, weka unyayo wote chini badala ya vidole peke yake, na pale palipo na kidato kirefu tafuta viwili vifupi pembeni yake. Pumzika kwa ufupi, dakika tano kila saa, ukiwa umevaa sweta kabla baridi haijakuingia.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Ukipanda, misuli ya mapaja hujikunja ikisukuma. Ukishuka, inanyooka huku ikishikilia uzito wako kama breki, na kazi hiyo ndiyo inayoipasua nyuzi ndogo ndogo. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ileile, yanakuja kesho na kukolea keshokutwa. Huko pia ndiko vifundo vya miguu huteguka, kwa kuwa mtu amechoka, ameshapata alichokifuata, na akili imekwisha kufika nyumbani. Kunja magoti kidogo wakati wote, usiyanyooshe yakafunga. Hatua ziwe fupi. Usiegemee nyuma kwa hofu: uzito ukienda nyuma, kiatu kinapoteza mshiko na unakaa chini kwa nguvu. Fimbo mbili za kutembelea husaidia magoti kwelikweli. Kwenye tambarare ziwe za urefu unaokunja kiwiko nyuzi 90, na wakati wa kushuka zirefushe sentimita 5 hadi 10. Kwenye sehemu ya kukwea kwa mikono, zikunje uziweke begini, maana fimbo inayoning'inia mkononi imewaangusha wengi.

Kabla ya kuanza kushuka, simama ufunge kamba za viatu upya, zikaze hasa kwenye kifundo. Kiatu kikilegea hapo, mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Hapo ndipo kucha zinapogeuka nyeusi. Zikate siku moja au mbili kabla ya safari. Kiatu chenyewe kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba, na kiache upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, ngozi inalainika, inasuguliwa, lengelenge linatoka. Soksi za sufu au za nyuzi za viwandani zinafaa zaidi. Na lengelenge hutoa taarifa: pahali panaanza kuwaka moto kabla hapajavimba. Simama dakika hiyohiyo ubandike plasta. Anayesema "nitaangalia kileleni" ataangalia kidonda.

Tafadhali usikate kona. Njia inayopinda kwenda kulia na kushoto ilichimbwa hivyo ili maji ya mvua yasipate mstari mmoja wa kushukia. Watu wachache wakipita moja kwa moja katikati ya kona, nyasi hufa, maji hufuata nyayo zao, na kwa misimu michache tu kinakuwa korongo linalomeza njia nzima. Njia za karibu na mji zinakanyagwa na watu wengi kila mwisho wa wiki, hivyo zinaumia haraka kuliko za mbali. Kwenye tope pia, pita katikati ya tope. Kulikwepa kunaipanua njia na kuua mimea ya pembeni.

Gari la waya si ahadi

Miji mingi ya milimani ina gari la waya linalopanda hadi juu, na wengi hupanga kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari. Ni mpango mzuri kwa magoti, ila una sharti moja: uwe na uwezo wa kushuka kwa miguu likisimama. La Table Mountain, linalofanya kazi tangu 1929, husimamishwa upepo unapokuwa mkali, na upepo huohuo wa kusini-mashariki ndio unaotandika wingu zito juu ya mlima. Kwa hiyo gari likikosekana, ukungu nao upo. Beba maji, chakula na tochi ya kushukia hata kama hutarajii kushuka.

Hatari ya pili ni kimo. Quito, mji mkuu wa Ecuador, uko takriban mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, na gari la waya linakupeleka hadi karibu mita 4,000 kwa dakika chache tu. Kutoka pale njia inaelekea Rucu Pichincha, kilele cha karibu mita 4,700. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la pwani, na kwenye mita 5,500 ni nusu yake. Mwili huhitaji siku kadhaa kujirekebisha. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio na sababu, hasa ukipita mita 2,500, vichukuliwe kuwa ugonjwa wa kimo mpaka ithibitike vingine. Usiendelee kupanda. Visipotulia, shuka, na mita 500 tu chini huleta nafuu. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema sana hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja akiwa na mwenzake, usiku au mchana. Mwenye nguvu hana kinga hapa; mara nyingi ndiye anayepanda kwa kasi mno.

Anga

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mjini kukiwa na nyuzi 24, kilele kilicho mita 1,500 juu yake kina kama 14, na hapo upepo haujahesabiwa. Mtu aliyelowa jasho, akasimama upeponi bila koti, hupoa kwa dakika chache. Beba koti la mvua na nguo moja ya joto hata siku ya jua kali. Jua nalo linaunguza zaidi: mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000, na ubaridi wa hewa unakuzuia usiihisi.

Kwenye milima mingi, katika msimu wa joto, radi huja mchana. Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujijenga kama koliflawa, na kuanzia saa saba au saa nane hivi yanaangusha mzigo. Ratiba ya mlima inajengwa kutokana na hilo. Turudie njia yetu ya mita 900: kwa hesabu ya anayeanza, kupanda kunachukua saa 3 na dakika 10, kushuka saa 1 na dakika 40. Ukianza saa 2 asubuhi unafika juu saa 5 na dakika 10, unakaa nusu saa, na saa 7 na dakika 20 uko chini. Weka saa ya kugeuka kabla hujatoka nyumbani, hapa tuseme saa 6 kamili mchana, na uiheshimu hata kilele kikiwa kinaonekana.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Chini ya sekunde 30, acha mgongo wa mlima na vilele, ondoka kwenye mti uliosimama peke yake, usijibanze kwenye mdomo wa pango dogo au chini ya mwamba uliojitokeza, achieni nafasi kati ya mtu na mtu, na subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ukipotea huku unauona mji

Hili ni la milima ya jirani na mji peke yake, na ndilo ningependa kila anayeanza alijue. Giza linaingia, njia imepotea, na chini kule taa za mji zinawaka, zinaonekana ziko karibu kabisa. Akili inasema: shuka moja kwa moja. Ukishuka moja kwa moja unaingia korongoni, kwa sababu makorongo ndiyo yanayoteremka kwa mkato, na makorongo hukatikia kwenye maporomoko ya maji na magenge ambayo kutoka juu hayaonekani. Unashuka kidato kimoja ambacho huwezi kukipanda tena, kisha unafika kwenye kingine ambacho huwezi kukishuka. Mtandao wa simu nao hufia humo, kwani kuta za korongo zinauziba mnara.

Kwa hiyo rudi ulikotoka, juu, mpaka alama ya mwisho uliyoiona. Usipoipata, kaa. Vaa kila nguo uliyobeba, kalia begi ili ardhi isikunyonye joto, na uite msaada kutoka mahali palipo wazi. Simu iwe na ramani iliyopakuliwa kabla, iwekwe kwenye hali ya ndege muda wote wa kutembea, na ikae mfuko wa ndani maana baridi huua betri. Tochi ya kichwani iwemo begini hata kwa matembezi ya saa mbili. Kuhusu maji, nusu lita kwa saa ni mwanzo mzuri, zaidi kwenye joto. Na anayekunywa mengi siku nzima ale pia kitu chenye chumvi, kwani maji matupu kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na kuleta ugonjwa unaofanana na ule wa kukosa maji.

Mtu mmoja mjini awe anajua njia uliyoifuata, saa utakayokuwa umeshuka, na saa ambayo asipokusikia apige simu kwa waokoaji. Mwandikie, ya mdomo husahaulika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, kwingine itafute kabla ya kuondoka. Taja kwanza mahali ulipo, kwa namba za ramani kama unazo, kisha idadi ya watu na majeraha, ili simu ikikatika wawe wamekwisha kupata lililo kubwa. Bila mtandao, tumia filimbi au tochi: ishara ya milimani, iliyokubaliwa tangu karne ya 19 katika milima ya Alps, ni mlio au mwanga mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Atakayekusikia atajibu mara 3 kwa dakika. Endelea kupiga hata baada ya kujibiwa, mpaka wakufikie, kwa kuwa wanaufuata mlio huo gizani.